Damu Kwanza, Moyo Baadaye

Mke wangu alianza kuumwa na tumbo Jumapili asubuhi, akiwa amekaa barazani kwetu Jomvu Kuu na mguu wa bibi harusi mapajani mwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kupamba maharusi kwa hina na piko, ule wino mweusi, na watu walimfuata kutoka Kisauni na Likoni kwa sababu ya mkono wake. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye yadi ya malori kule Miritini, na Jumapili huwa niko nyumbani. Nilikuwa ndani nikipiga shati pasi nilipomsikia bibi harusi akisema, "Dada, mbona watokwa na jasho hivyo?"

Nikatoka. Alikuwa bado ameishika koni ya hina, lakini mkono wa pili ameukandamiza chini ya kitovu.

"Si kitu," akaniambia. "Ni chango tu, litapoa."

Midomo yake ilikuwa imepauka. Alitaka kuinuka ili anionyeshe kwamba hana neno, akaenda chini kwa magoti, na koni ikamtoka mkononi ikachora mstari mrefu mweusi kwenye mkeka.

Hapa yanipasa nieleze habari ya moyo wake. Alipokuwa mtoto aliugua homa za koo mara kwa mara, na homa hizo zikaula moyo wake taratibu bila mtu kujua, hata kilango kimoja cha kupitishia damu kikawa hakifungi. Kabla sijamuoa alikuwa amekwisha pasuliwa na kutiwa kilango cha chuma. Ukikaa naye mahali pa kimya utakisikia kikilia, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyofunikwa na mto. Siku nilipokwenda kuposa, mamake hakunificha. Ni mwanamke wa Jomvu asili, na husema neno mara moja tu.

"Mwanangu yuna chuma moyoni," aliniambia. "Kila jioni humeza kidonge damu isigande. Akikosa, chuma kitashika. Akizidisha, atavuja. Kama huwezi, sema sasa, hapana ubaya."

Nikasema naweza. Nilidhani ni jambo la kukumbuka kidonge. Baadaye ndipo madaktari walipotueleza kwamba kidonge hicho humdhuru mtoto tumboni, na kukiacha humdhuru mama, na kwamba kuna njia ya sindano lakini nayo ina hatari zake. Tulilizungumza mara nyingi, kisha tukaliacha. Tukawa wawili, na maharusi wa watu.

Basi siku ile nilimbeba hadi kwenye tuktuk, tukaenda hospitali ndogo ya Mikindani. Daktari wa zamu alimpima presha, akamfunua kope za macho, akamgusa tumbo. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nilipomtajia kilango cha chuma na dawa ya kuzuia damu kuganda, aliondoa mkono wake kwenye tumbo polepole.

"Huyu si wa hapa, ndugu yangu," akasema. "Mpelekeni kisiwani sasa hivi. Ambulensi ipo."

Ambulensi ilikuwapo, na njia pia ilikuwapo, ila juu ya njia palikuwa na malori. Anayeijua Changamwe anajua. Siku hiyo malori ya makontena yalikuwa yamesimama mkia kwa kichwa kutoka bandarini, na ving'ora vyetu vikalia pale pale mahali pamoja. Madereva walitaka kutupisha. Nilimwona mmoja akitoa mkono dirishani kutuonyesha kwamba hana pa kujitupa, kushoto mtaro, kulia lori mwenzake. Sikuweza kumkasirikia. Malori yale yale ndiyo ninayoyatengeneza mimi.

Mke wangu alisema anahisi baridi. Nilimfunika leso yake ya kujitanda, kisha shati langu, nikabaki na fulana. Nikawa namtazama mwili mzima natafuta pa kushika. Mtu akikatwa utabana kidonda kwa kitambaa, utainua mkono, utafunga kamba. Mimi nimewahi kumfunga kijana yadini aliyekatwa na bati, na damu ikakoma chini ya kiganja changu. Lakini yeye hakuwa na kidonda. Ngozi yake ilikuwa safi, na hina yake mwenyewe iking'aa vidoleni, na ndani ya ngozi hiyo safi alikuwa akimwagika.

"Umefunga pasi?" akaniuliza.

Nikasema nimeizima. Sikukumbuka kama nimeizima.

Tulipofika kisiwani hatimaye, katika chumba cha dharura alitupokea daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya chini na mikono ya koti iliyokunjwa. Alifanya kazi huku akiuliza, sindano huku, dripu huku.

"Ana mimba?"

"Hana," nikasema.

"Una hakika?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amefumba macho. Daktari hakungoja jibu, alitwaa damu ya kupima, akanieleza kwamba mwanamke wa umri huu akija na maumivu namna hii, kwanza huogopa mimba iliyotunga nje ya mahali pake. Wallahi, wakati tunangoja majibu nilijikuta naomba iwe mimba. Nilijua mimba ya namna hiyo haibaki, huua. Lakini nililitamani neno lenyewe, lisemwe mara moja juu yetu na daktari. Majibu yakarudi kwamba hapana.

Wakaleta mashine ya kutazama tumbo. Daktari alipitisha kile kifaa juu ya ngozi, na kwenye kioo nikaona vivuli vya kijivu, na katikati yake weusi mtupu, mpana.

"Hiki cheusi chote ni damu," akasema.

"Imetoka wapi?"

Akanivuta kando. "Kila mwezi yai la mwanamke likitoka, hupasua kidogo pale linapotokea. Ni kajeraha kadogo sana. Wengi hata hawakajui, hujifunga kenyewe. Kwake yeye kamekataa kujifunga."

"Mbona miezi yote hiyo kalijifunga?"

"Ndilo ninalotaka kujua. Wiki hii ametumia dawa gani nyengine?"

Nikafikiri. "Jino lilimuuma. Alipewa vidonge. Vya manjano, vichungu. Alilalamika sana uchungu wake."

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia na hakulitaka. Akasema vidonge hivyo vikikutana na warfarini, ile dawa yake ya kila jioni, huizidishia nguvu mara nyingi, hata damu ikawa kama maji. Baadaye kidogo yakaja majibu ya maabara. Kipimo chake kilikuwa kimepita mwisho wa mashine, mashine ikaandika tu kwamba haisomi.

Aliyempa vidonge hakuuliza habari za moyo, naye mke wangu hakuzitaja. Jino likiuma, nani akumbuka moyo?

"Basi mpasueni," nikamwambia daktari. "Mpasueni mpafunge pale panapovuja."

"Nikimtia kisu sasa, kila nitakapogusa patavuja," akasema. "Kwanza damu yake ijue tena kuganda."

"Itajuaje?"

Akanieleza, na nitasema hili, alinieleza vyema, bila kunificha kitu. Iko dawa ya unga inayochanganywa na kupigwa kwenye mshipa, na damu hurudi hali yake upesi. Pale haikuwapo. Alikuwa amekwisha piga simu hospitali nyengine, hata za Nyali, na hawakuwa nayo. Angempa vitamini K kwenye dripu, lakini vitamini hutaka saa nyingi kufanya kazi. Katikati ya hapo wangempa plazma, yale maji ya manjano yaliyochujwa kutoka damu ya watu wengine, yenye uwezo wa kugandisha. Plazma ilikuwapo, mifuko michache ya kundi lake, lakini ilikuwa imegandishwa kama jiwe, na lazima iyeyushwe kwa maji ya uvuguvugu, polepole, kwani ukiiharakisha kwa moto huharibika.

Nikaenda kusimama kwenye dirisha la maabara. Mifuko ilikuwa imelala ndani ya beseni la chuma, na maji yakitikisika. Nikaitazama kama mtu anayetazama sufuria ya wageni waliokwisha keti. Haikuyeyuka upesi kwa sababu nimeitazama.

Niliporudi, mamamkwe alikuwa amefika, na buibui limemkaa upande kwa haraka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Yuwapi mwanangu?"

Nikampeleka kitandani. Alikuwa amekuja na chupa ya maji ya zamzam mkobani. Muuguzi akamwambia kwa adabu kwamba mgonjwa haruhusiwi kitu mdomoni, huenda akapasuliwa. Mamamkwe akalowesha ncha ya kidole chake, akampaka bintiye midomoni, na muuguzi akajifanya anarekebisha shuka. Kisha akanigeukia mimi.

"Na damu yenyewe i wapi?"

"Iko ndani, Mama."

"Ndani wapi? Mimi sioni kitu. Nimezaa sita, nimeosha maiti, damu naijua. Nionyesha."

"Haionekani, Mama. Wameiona kwenye kioo."

Alinitazama kana kwamba namficha jambo, mato yake yakajaa machozi. Akaenda miguuni mwa kitanda, akaanza kumkanda bintiye nyayo. Aliendelea kukanda mchana wote, hata alipoambiwa apumzike.

Mimi nikaenda kutoa damu. Nilitaka kutoa kitu. Mama aliyenitoboa mshipa alikuwa mpole, aliniuliza natolea nani, nikamwambia mke wangu yuko hapo chini. Nikamuuliza kama atatiwa hii.

"Hii lazima ipimwe kwanza, baba," akasema. "Yeye atapewa iliyokwisha pimwa. Yako itamfaa mwengine, inshallah."

Nikakaa pale nikiitazama ikijaa mfukoni, nyekundu, nzito. Yangu ilikuwa inaganda vizuri. Walipotoa sindano walibandika pamba ndogo, na nilipoitazama tena nje mlangoni, pamekauka.

Alasiri daktari alituita sote wawili pembeni. Plazma ya kwanza ilikuwa imeanza kushuka, na damu ya kuongeza nayo. Presha ilikuwa bado chini.

"Nina jambo lisilopendeza," akasema. "Ninaigandisha damu yake kwa makusudi. Lakini kile kilango cha chuma hakipendi damu inayoganda. Nikigandisha kidogo, atavuja hadi atuishie. Nikigandisha sana, donge linaweza kukaa kwenye kilango, au likakatika likaenda kichwani."

"Na kati na kati?" mamamkwe akauliza.

"Kati na kati ndiko ninakotafuta, mama. Hakuna anayejua ni wapi hasa."

Nikamuuliza, "Lau angekuwa dada yako?"

Alijifuta paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Ningefanya hili hili, na ningeogopa hivi hivi. Damu kwanza. Moyo baadaye."

Tukasema sawa. Ungesema nini kingine? Mamamkwe alisema, "Fanya, mwanangu, Mungu yuko," na mimi nikaitikia kwa kichwa, na ndani yangu nilijua hatukuamua kitu chochote, tulikubali tu kuwapo.

Jua lilipoanza kuteremka aliamka kidogo. Nilikuwa nimeinama karibu na kifua chake nikikisikiliza kilango. Kilikuwa kinakwenda mbio sana, tik-tik-tik, bila kupumua.

"Wanisikiliza?" akauliza kwa sauti nyembamba.

"Nakusikiliza."

"Yule bibi harusi. Mguu wa kushoto sikuumaliza."

"Atamaliziwa."

"Na nani?" Akaudhika kabisa, uso ukamkunjika. "Ua lile lina majani saba kila upande. Watamchorea kuti."

Nikacheka, na machozi yakanitoka kwa kucheka huko, na muuguzi akaja kuona kuna nini. Kumbe presha ilikuwa imepanda kidogo. Ilipanda tena magharibi. Kulipokucha, mashine ya tumbo ilionyesha weusi ule haujaongezeka, na kipimo cha damu kilikuwa kimeshuka mahali pa kusomeka. Daktari, ambaye naona hakulala, alituambia hakuna haja ya kumpasua. Kidonda kimejifunga na damu iliyomwagika mwili utainywa wenyewe kidogo kidogo. Mamamkwe alisujudu pale pale ukumbini, kwenye sakafu iliyokuwa ikipigwa deki.

Hapo ndipo ilipoanza ile baadaye ya moyo.

Alikaa siku kadhaa bila kidonge chake. Ilikuwa lazima, kwani kumrudishia mapema ni kukitumbua kidonda. Daktari wa moyo alikuja, akakubaliana na yule daktari wetu kijana, wakapanga kuanza na sindano ndogo za tumboni, kidogo kidogo, halafu kidonge. Mke wangu alikuwa akila, akizungumza, akilalamikia chai ya hospitali. Watu wa Jomvu walikuja na mahamri na dua. Bibi harusi mwenyewe alikuja, keshaolewa, akaonyesha miguu, na mke wangu akaukagua ule wa kushoto kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wamejitahidi."

Mimi usiku nilikuwa nalala kwangu, na asubuhi nikipita kwake kabla ya kwenda Miritini. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kitandani ameshika kikombe cha uji. Aliniona, akatabasamu, na tabasamu likaenda upande mmoja tu. Kikombe kikainama, uji ukamwagikia mapajani, na yeye hakukitazama. Alikuwa akinitazama mimi, akitaka kuniambia kitu.

"Funguo," akasema. "Funguo, funguo."

Hakuwa anataka funguo. Niliita muuguzi kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Donge lilikuwa limekatika. Dogo, walisema walipomtia kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, dogo sana. Iko dawa ya kuyeyusha madonge kama hayo, lakini mtu aliyetoka damu tumboni siku chache nyuma hapewi, atafumuka upya. Kwa hiyo walifanya walichoweza, wakatuambia tungoje, na tukangoja.

Yule daktari alikuja mwenyewe kuniona ukumbini. Hakunisogelea sana.

"Tungeanza sindano mapema zaidi?" nikamuuliza. Sikuwa na hasira, nilitaka kujua tu.

"Labda," akasema. "Na labda ungekuwa unaniuliza kwa nini hatukungoja, naye amevuja tena. Sijui, kaka. Nimejiuliza tangu asubuhi. Sijui."

Nilimshukuru. Mtu aliyeniambia sijui mara mbili bila kutafuta pa kujificha nilimshukuru kweli.

Mke wangu alirudi nyumbani anatembea, mguu wa kulia ukiburuta kidogo kama mtu aliyevaa kiatu kikubwa. Maneno yalimrudia, si yote, na sio kila mara kwa mpango. Bado huniambia nifunge mwavuli akimaanisha dirisha, na tukishaelewana tunacheka. Mkono wa kulia ndio haukurudi. Unainuka, unashika kikombe kikiwa na kishikio, unamenya ndizi. Koni ya hina hauiwezi. Alijaribu kwa miezi. Mamamkwe alimkandia unga wa chapati aubonye kila siku, nami nilimtengenezea yadini kichuma cha kubana kwa kiganja. Jioni alikuwa akikaa na karatasi anachora jani moja, moja tu, na mstari unatetemeka. Siku moja alizikusanya karatasi zote akazitia jikoni, akapika nazo chai.

Kuna jioni alikikataa kidonge. Nilimletea na maji, akakitazama kiganjani mwangu.

"Hiki ndicho kilichonitoa damu," akasema.

"Ndicho."

"Na kukosa hiki ndiko kulikonipoozesha mkono."

"Ndiko."

"Basi ninywe au nisinywe? Sema wewe."

Nimelitafuta jibu hilo msikitini, nimelitafuta kwa madaktari, nimelitafuta huku nikichomelea tangi za watu. Nilikaa tu kando yake, kidonge kikiyeyuka rangi kiganjani mwangu kwa jasho. Mwisho akakichukua kwa mkono wa kushoto, akakimeza bila maji.

Sasa twaenda kliniki kupimwa damu, na damu yake ina tabia zake. Mara imekuwa nyepesi, mara nzito, na sisi tumekula vile vile, tumelala vile vile. Wakituuliza amekula nini, twasema mchicha kidogo, wali, samaki. Wanapunguza kidonge, wanaongeza. Duka la dawa lolote tukiingia, hata kwa kikohozi, mimi ndiye ninayeitaja warfarini kwanza, kwa sauti, mpaka wateja wengine wanageuka. Inanipa kitu cha kufanya.

Mwezi uliopita, asubuhi, alikuwa anapiga mswaki uani akaniita. Tone la damu lilikuwa limemtoka puani, likafuata la pili. Nikamketisha kwenye kizingiti, nikamwinamisha mbele kama tulivyofundishwa, nikambana pua kwa kitambaa. Jirani akapita na ndoo zake za maji. "Sabalkheri, mwaamkaje?" Tukamwitikia salama, yeye kwa sauti ya pua, na jirani akaenda zake. Kila nikitaka kuinua kitambaa alikuwa akinishika kifundo cha mkono, bado. Kuku walipita. Redio ya nyumba ya pili ilimaliza habari ikaanza matangazo ya vifo.

Nilipoinua, ilikuwa imekoma. Alisubiri kidogo zaidi, akavuta pumzi kwa pua polepole, akaniuliza kama nataka mbaazi au maharagwe.